Mji Ulioandikwa Jikoni: "Vocabulaire" ya Elisabethville na Urithi wa Miji ya Shaba ya Lualaba

1. Utangulizi

Miji ya ukanda wa shaba wa Kongo ilizaliwa na reli na kulelewa na mto. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910. Mwezi wa Mei 1918 ilifika Bukama, ukingoni mwa Lualaba, mahali ambapo mto huo, baada ya kuporomoka kutoka nyanda za juu za Katanga, hutulia na kupitika kwa meli. Kwa muda wa miaka kumi Bukama ilikuwa kituo cha mwisho cha gari la moshi na bandari ya kwanza ya mto. Abiria na mizigo walihamishiwa melini kuelekea Kabalo, ambako reli nyingine ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Ziwa Tanganyika tangu mwaka 1915. Mwaka 1928 reli ya Bukama iliendelezwa hadi Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, na katikati ya miaka ya 1950 Kamina ikaunganishwa na Kabalo. Tangu hapo mji wa mtoni ukawa mji wa kupitwa. Upande wa juu wa mto huohuo, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzisha Kolwezi mwaka 1937 ili iwe makao ya migodi yake ya magharibi, kisha ikaujengea Lualaba mabwawa ya Delcommune (1952) na Le Marinel (1956), ambayo leo huitwa Nzilo na Nseke.

Urithi wa miji hii unapozungumzwa, kwa kawaida huhesabiwa kwa matofali. Hutajwa stesheni, kanisa kuu, nyumba ya gavana, dohani ya kiyeyusho cha Lubumbashi na kilima cheusi cha mabaki kilicho kando yake. Orodha kama hizo zina faida yake, wala si nia ya makala hii kuzibeza. Hata hivyo, zina upungufu mmoja mkubwa. Majengo hayo yalikuwa mali ya serikali au ya kampuni. Mfanyakazi aliyeyajenga, aliyeyafagia na aliyepika ndani yake hakumiliki hata mlango, na nyumba aliyopewa kambini aliiacha siku mkataba wake ulipokwisha. Ikiwa urithi ni kile ambacho mtu hupokea kwa waliomtangulia, basi yafaa iulizwe: watoto wa wafanyakazi hao walirithi nini?

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa kuhakiki matini moja ya Kiswahili iliyotungwa na watu wa aina hiyo. Inadai kwamba matini hiyo ni kazi ya nathari inayostahili nafasi katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Kwamba lugha yake, ambayo imezoeleka kuitwa mbovu, ndiyo sehemu ya urithi inayotangulia nyingine zote. Na kwamba Kolwezi, ambako ardhi yenyewe ya mji inachimbwa, inahitaji kazi kama hiyo kuliko mji wowote mwingine wa ukanda huu.

2. Matini na watunzi wake

"Vocabulaire de la ville de Elisabethville" ilitolewa mwaka 1965. Aliyeiandika anajulikana kwa jina la André Yav, naye aliiandika kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, yaani wale walioitwa "maboyi". Ni kijitabu cha kurasa 33 zilizopigwa chapa kwa taipureta na kurudufiwa. Jina lake ni la Kifaransa, lakini mwili wake ni Kiswahili kama kinavyosemwa Katanga. Inaanza na enzi ya Mfalme Léopold II na kuja kwa Wazungu, inapitia kuanzishwa kwa mji na Vita Kuu ya Kwanza, inaeleza kazi ya watumishi na mabwana waliowatumikia, kisha inafika kwenye uhuru na miaka iliyoufuata.

Wakati wa kutungwa kwake una maana. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, na majeraha ya kipindi hicho yalikuwa bado mabichi. Mwaka mmoja baada ya matini kutoka, yaani mwaka 1966, jina la Elisabethville lilifutwa na mji ukaitwa Lubumbashi, kwa jina la mto mdogo unaoupitia. Kwa hiyo, bila watunzi kukusudia, matini ilikuja kuwa wasia wa mji ambao jina lake lilikuwa karibu kuzikwa.

Msomaji anayeifungua akitarajia kamusi atashangaa, maana hakuna orodha ya maneno na maana zake. Kilichomo ni masimulizi. Kwa nini basi yaitwe msamiati? Johannes Fabian, aliyeihariri na kuichapisha mwaka 1990 pamoja na Kalundi Mango, na kwa ufafanuzi wa kiisimu wa Walter Schicho, alilitilia maanani swali hili, na jibu lake linaelekea kwenye nguvu ya kutaja. Hoja hiyo yaweza kupanuliwa. Katika mji wa kikoloni kila kitu kilikuwa na majina mawili. Lilikuwapo jina la karatasini, lililoandikwa kwa Kifaransa kwenye ramani na mishahara. Na lilikuwapo jina la mdomoni, lililojulikana jikoni, uani na njiani. Mtaa ulioandikwa "Albert" uliitwa Kamalondo. Kampuni yenyewe iliyotawala maisha ya mji ilijulikana kwa wafanyakazi wake kama Changa-Changa, jina ambalo sikio la Kiswahili haliwezi kulisikia bila kukumbuka kuchanga na kuchanganya. Wazungu nao walipewa majina kwa tabia, mwendo au maumbile yao.

Jina la kupanga la aina hii ni historia iliyofupishwa. Analijua yule tu aliyekuwapo, au yule aliyesimuliwa na aliyekuwapo. Bwana aliyepewa jina mara nyingi hakulijua, au alilijua asijue sababu yake. Hapo ndipo mtumishi alipokuwa na kitu ambacho bwana hakuwa nacho. Watunzi wa matini hii walipokusanya majina, matukio na desturi za kazi, hawakuwa wakipiga soga za uzeeni. Walikuwa wakiweka akiba ya maarifa ambayo yangekufa pamoja nao. Neno "msamiati" basi si kosa la mtu asiyejua Kifaransa. Ni jina sahihi la kazi iliyokusudiwa: kuutamka mji upya kwa ulimi wa wale walioutumikia.

3. Mahali pake katika nathari ya Kiswahili

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuanza historia ya nathari na tarehe za miji ya pwani, kama vile za Kilwa na Pate, kisha kupita kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari na maelezo yake ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa mwaka 1903, hadi kufika kwa Shaaban Robert. Njia hiyo haipiti Katanga. Hata hivyo, bonde la Lualaba limo katika nathari ya Kiswahili tangu mapema sana. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na maelezo hayo yalichapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Sehemu kubwa ya habari zake inatokea katika bonde la mto huo, Kasongo na Nyangwe, na chini zaidi kwenye maporomoko ambako Kisangani imejengwa.

Yafaa matini hizi mbili zisomwe pamoja. Zote mbili zimetungwa na wanaume waliokumbuka maisha yao wakiwa wameingia umri mkubwa. Zote zinaeleza jinsi wageni walivyoingia katika nchi hiyohiyo. Zote zinajali sana majina: nani alikuwa nani, alimfuata nani, alilipwa nini. Tofauti yao iko mahali pa kusimama. Tippu Tip anasimulia kutoka juu ya msafara. Yeye ndiye anayeajiri wapagazi, anayepatana na machifu, anayehesabu pembe. Katika "Vocabulaire" anayesema ni yule aliyebeba, aliyewasha moto, aliyefua nguo. Tarehe ya Pate huhesabu wafalme, mmoja baada ya mwingine. "Vocabulaire" nayo ina nasaba yake, lakini ni nasaba ya mabwana wanaoonekana kutokea mlango wa nyuma. Matini moja ni historia ya wenye misafara na nyingine ni historia ya wenye jiko. Fasihi inayoipokea ya kwanza na kuikataa ya pili imejichagulia upande wa kusimama, hata kama haikujua kwamba inachagua.

4. Lugha ya matini na tuhuma ya ubovu

Sababu inayotolewa mara nyingi ya kuiacha matini hii nje ni lugha yake. Ni kweli kwamba haifuati Kiswahili sanifu. Kiswahili cha Katanga husema "bantu" au "batu" mahali pa "watu", na "kuya" mahali pa "kuja". Kiunganishi cha umilikishi mara nyingi kina umbo moja la "ya" kwa ngeli zote. "Iko" hutumika pasipo kujali ngeli, na "njo" hubeba kazi ya kusisitiza ambayo "ndiyo" na jamaa zake hugawana katika Kiswahili sanifu. Maneno ya Kifaransa huingia bila kupiga hodi. Juu ya hayo, matini ya Yav haina mwakifisho thabiti, na mipaka ya maneno hubadilika kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

Lakini kueleza tofauti si kuthibitisha ubovu. Tangu Edgar Polomé alipochapisha uchunguzi wake wa Kiswahili cha Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1960, imejulikana kwamba lahaja hii ina utaratibu wake wa sauti na sarufi, na kwamba mengi yanayoonekana kuwa makosa yanafuata kanuni. Historia yake nayo inaeleza mengi. Kiswahili kilifika huko kwanza kwa njia ya biashara, pamoja na Wayeke wa Msiri waliotoka Unyamwezi na kujenga dola yao Bunkeya. Baadaye kilikuzwa kama lugha ya kazi. Union Minière ilikuwa ikiajiri watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kisha kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alionyesha kwamba uchaguzi wa Kiswahili Katanga ulifungamana na mahitaji ya utawala na ya kampuni. Lugha iliyokusudiwa kupokelea amri ndiyo iliyogeuzwa na wafanyakazi kuwa lugha ya nyumbani, ya kanisani, ya ugomvi na ya mapenzi. Kufikia kizazi cha pili, watoto waliozaliwa kambini walikuwa na lugha ya kwanza ambayo babu zao hawakuijua.

Ni katika mwanga huo maandishi ya Yav yapasa kusomwa. Wahariri wake walikuta kwamba kuyatazama kwa macho hakutoshi. Ilibidi yasomwe kwa sauti ndipo maneno yaliyoshikana yaachane na maana itokee. Jambo hili lina thamani kubwa kwa uhakiki. Linaonyesha kwamba mtunzi aliandika kama anayesema mbele ya watu, akitegemea msomaji mwenye sikio. Mwakifisho wa matini hii umo katika pumzi ya msomaji. Anayeihukumu kwa kanuni za sarufi ya shule atakuwa kama mtu anayepima uzito wa wimbo.

Hapa inafaa tahadhari. Kutetea lahaja si kuidharau lugha sanifu. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mwanafunzi wa Kolwezi anahitaji Kiswahili kitakachompeleka Dar es Salaam na Nairobi. Hoja ni kwamba usanifishaji ni kazi ya kesho, ilhali matini hii ni ya jana. Kuisahihisha lugha yake ni sawa na kupaka chokaa ukuta wa kale ili upendeze, kisha kuuita urithi.

5. Mipaka ya matini

Sifa zilizotajwa hazipaswi kumziba macho mhakiki. "Vocabulaire" ina mipaka yake, na baadhi inatokana na jiko lenyewe ilimoandikwa. Kwanza, ni historia ya wanaume. Watumishi wa nyumbani wa Elisabethville walikuwa wanaume, na chama kilichotoa kijitabu kilikuwa chao. Mwanamke si msimulizi. Wake waliokuja kambini tangu kampuni ilipoanza siasa yake ya kuwatuliza wafanyakazi pamoja na familia zao mwishoni mwa miaka ya 1920, waliogawiwa posho, waliolima vishamba pembeni na kuuza pombe kwa siri, walikuwa na msamiati wao wa mji. Haumo.

Pili, mtumishi wa nyumbani aliuona mji kutoka mahali maalumu. Alikuwa karibu na Mzungu kuliko mchimbaji wa mgodini. Alijua anachokula na anachokisema akilewa. Ukaribu huo ulimpa maarifa, lakini pia ulimpa fahari fulani ya nafasi yake. Kwa hiyo sauti ya matini hii haitulii upande mmoja. Huonekana kulaani, kisha huonekana kujivunia. Msomaji wa leo anayetaka shujaa wa ukombozi hatampata hapa, na anayetaka ushahidi kwamba "enzi za Wazungu zilikuwa nzuri" naye atasikitika. Hali hiyo ya mashaka si udhaifu wa fani. Ndiyo ukweli wa mtu aliyeishi miaka mingi katika nyumba ambayo jioni ilimpasa aiache, avuke ukanda mtupu uliotenga mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, na kesho arudi kuwasha moto.

Tatu, mpangilio wa wakati haufuati kalenda daima. Anayetafuta tarehe za kuaminika ni bora atafute kwingine. Kinachopatikana hapa ni mfuatano wa kumbukumbu, ambao hupanga mambo kwa uzito wake na si kwa mwaka wake.

6. Mhariri na msomaji wake

Chapisho la mwaka 1990 lilifanya jambo la heshima. Lilitoa picha ya kurasa zenyewe, likaongeza matini iliyopangwa upya, tafsiri na insha ya ufafanuzi. Bila kazi hiyo, kijitabu kilichorudufiwa kwa wino hafifu kingekuwa kimekwisha kuliwa na mchwa. Hata hivyo, tafsiri na insha hizo ni za Kiingereza. Mjukuu wa boyi wa Lubumbashi, aliyesoma kwa Kifaransa na anayesema Kiswahili nyumbani, anaikuta habari ya babu yake imezungukwa na lugha ambayo hakufundishwa. Matini ya Kiswahili imefafanuliwa kwa kila mtu isipokuwa Mswahili.

Lawama hii haielekezwi kwa wahariri, waliofanya kazi yao mbele ya hadhira yao. Inaelekezwa kwa vyuo vikuu vya Kiswahili, vya Kongo na vya Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 1990 imepita zaidi ya miaka thelathini. Toleo lenye ufafanuzi wa Kiswahili, lenye maelezo ya maneno ya kilahaja kwa msomaji wa Tanzania na Kenya na maelezo ya historia kwa mwanafunzi wa Katanga, lingekuwa kitabu cha kufundishia isimu, fasihi na historia kwa wakati mmoja. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Lakini anayeijua maana akaificha katika lugha ya mbali, naye ana swali la kujibu.

7. Kolwezi na msamiati wake

Je, Kolwezi ina matini ya namna hii? Haina kijitabu kimoja kinachoweza kuwekwa kando ya kile cha Yav. Ina vipande. Katika kambi ya Ruwe, ambayo baadaye iliitwa Mutoshi, Padri Placide Tempels aliwekwa mwaka 1953, na kutokana na mikutano yake na wafanyakazi na wake zao kukazaliwa Jamaa, kundi la Kikristo ambalo mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili. Maneno "uzima", "uzazi" na "mapendo" yalichukua humo uzito mpya, na uchunguzi uliofanywa katika eneo la Kolwezi katika miaka ya 1960 ulihifadhi sehemu ya mazungumzo hayo. Hapa mwanamke anasikika, kwa sababu Jamaa ilikuwa ya mume na mke pamoja. Ni ushahidi kwamba lugha ya kambini iliweza kubeba falsafa, na kwamba waliokuwa wakiibeba ni watu wa zamu ya usiku na wa foleni ya posho.

Kipande kingine ni kazi ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo mia moja juu ya historia ya nchi yake, na kwa kila picha akatoa maelezo kwa Kiswahili cha Katanga, yaliyorekodiwa na baadaye kuchapishwa mwaka 1996. Alisisitiza kwamba yeye ni mwanahistoria. Mauaji ya wafanyakazi waliogoma mwezi wa Desemba 1941 yamo katika picha zake, pamoja na dohani ya kiyeyusho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilipotea. Picha husifiwa na watu wengi. Maelezo yake ya Kiswahili husomwa na wachache. Tena matofali yamethaminiwa kuliko maneno.

Ng'ambo, Kolwezi inakumbukwa kwa jambo lingine kabisa. Mwezi wa Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliuteka mji, na askari wa miavuli wa Ufaransa wakarushwa juu yake. Mwaka 1980 tukio hilo likawa filamu ya Kifaransa. Kwa wengi huko Ulaya, jina la Kolwezi lina maana ya siku hizo chache. Mji usiojisimulia husimuliwa, na mara nyingi husimuliwa siku ile tu mgeni alipokuwapo.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga. Maelfu kwa maelfu walikaa kwenye stesheni wakingoja gari la moshi la kuwarudisha katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Reli iliyowaleta wazazi wao kazini ndiyo iliyowaondoa. Waliofukuza na waliofukuzwa walisema Kiswahili kilekile, chenye "iko" ileile na "njo" ileile. Swali lililoulizwa siku hizo lilikuwa swali la urithi: mji ni wa nani? Waliofukuza walijibu kwa kabila. "Vocabulaire", iliyoandikwa kabla ya hapo kwa zaidi ya robo karne na watu waliokusanywa mjini na kazi, ilikuwa na jibu tofauti: mji ni wa waliouhudumia, na dalili ya kuwa wake ni kuyajua majina yake. Lugha isiyo na kabila ndiyo iliyowezesha jibu hilo. Haiwezekani kudai kwamba kusomwa kwa kitabu kungezuia jeuri ile. Inawezekana kudai kwamba jamii iliyoidharau lugha yake ya pamoja ilikuwa imekwisha kujinyima hoja moja dhidi yake.

Tangu hapo ardhi yenyewe imeanza kuondoka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufikisha tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa malipo. Kisha bei ya kobalti ikapanda. Tangu mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, walichimba nyuani na hata ndani ya vyumba vyao, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ilihamishwa na kuzungushiwa ukuta. Mitaa mingine iliyojengwa na kampuni imekaribiwa na kingo za machimbo. Sammy Baloji, mpigapicha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alibandika sura za wafanyakazi wa enzi za ukoloni juu ya magofu ya viwanda katika mfululizo alioutoa mwaka 2006. Picha hizo zinasikitisha kwa sababu wafanyakazi hao hawana majina. Kamera ya kampuni iliwapiga bila kuwauliza, na sasa hakuna wa kuulizwa.

Katika hali hiyo, mjadala wa kulinda majengo ya kale una mpaka unaoonekana kwa macho. Jengo haliwezi kulindwa ikiwa ardhi iliyo chini yake ina thamani kuliko lenyewe. Jina la mtaa, hata hivyo, halihitaji ardhi. Wazee waliofanya kazi Musonoi, Luilu na Kapata wangalipo baadhi yao. Wanajua bwana gani aliitwaje na kwa nini, neno gani lilitumika kwa honi ya asubuhi, kapita gani aliogopwa, wake zao waliitaje siku ya posho. Hayo hayamo katika orodha yoyote ya urithi, na hayatakuwamo kama hayakuandikwa.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umejaribu kuonyesha kwamba kijitabu cha kurasa 33 kilichorudufiwa na chama cha watumishi kinaweza kusimama bila aibu kando ya matini za nathari zinazofundishwa vyuoni. Thamani yake iko katika kazi iliyofanya, yaani kuutaja mji kwa majina yake ya ndani, na katika lugha iliyoifanya kazi hiyo. Upungufu wake, hasa ukimya wa wanawake na wa wachimbaji, si sababu ya kuiacha. Ni orodha ya kazi iliyobaki.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mwanafunzi mwenye daftari, mzee mwenye subira, na idara itakayokubali kwamba tasnifu juu ya msamiati wa Kolwezi ni tasnifu ya Kiswahili, hata kama watu wake husema "bantu" na "kuya". Maboyi wa Elisabethville walikusanya yao kwa taipureta, bila chuo kikuu kuwaomba. Mto Lualaba utaendelea kupita Bukama na kuzungusha mitambo ya Nseke, mji wa Kolwezi uwepo mahali pake au usogezwe. Lakini mto hautaji majina ya waliokaa kandokando yake.